Kibodi moja kwa mashine mbili: kisanduku cha KVM, swichi ya USB, programu au Bluetooth?

Kwenye kiduka chetu cha kuchapa na fotokopi, upande wa barabara ya Kasapa, kuna meza moja na mashine mbili. Ya zamani ni ya mezani, nyeupe iliyokwisha kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na bado inaendesha Windows XP. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Lakini programu yetu ya fakture, yaani ankara, iliandikwa kwa ajili yake, na printa ya sindano inayopiga nakala tatu kwa karatasi za kaboni inaingia kwenye plagi pana ya pini 25 ambayo laptop za leo hazina. Ya pili ni laptop yenye Windows 11, ndiyo ya barua pepe, PDF na wanafunzi wanaoleta TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo, saa za mwisho. Kwa muda mrefu nilikuwa na kibodi mbili na vipanya viwili, yaani klavie na suri kama tunavyosema hapa Lubumbashi, na si mara moja nilichapa mstari mzima kwenye kibodi ya huku huku nikishangaa kwa nini skrini ya kule haisogei.

Nimezijaribu karibu njia zote za kubaki na kibodi moja. Wengi wanaokuja kuniuliza huanza na mashine mpya: ina USB ngapi, ina Bluetooth gani. Wanaanzia pasipo na shida. Mashine mpya hukubali karibu kila kitu unachoichomekea. Mwenye masharti ni mzee, kwa hiyo mzee ndiye anayechagua.

Na wazee wako wa aina mbili. Kuna mzee kwa umri, kama XP yangu. Halafu kuna mzee kwa karatasi: mashine yenye nguvu bado, iliyobaki na Windows 10 ambayo matunzo yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na ambayo Windows 11 inaikataa kwa kuwa haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa inayotakiwa. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Kwanza mtazame mzee mgongoni

Washa tochi ya simu, geuza mashine ya zamani. Ukiona matundu mawili ya duara, moja la zambarau na jingine la kijani, hayo ni PS/2, yaliyoletwa na IBM mwaka 1987. La zambarau ni la kibodi, la kijani ni la kipanya. Ukiona na matundu bapa ya USB, pumua.

PS/2 ina adabu yake, na mimi niliivunja. Haikuundwa ili ichomolewe mashine ikiwa inafanya kazi. Siku moja nilichomoa plagi ya zambarau katikati ya fakture, nikitaka tu kujaribu kibodi nyingine. Niliporudisha ile ya kwanza, ilikuwa imenyamaza. Bahati yangu, kuzima na kuwasha kulitosha. Kuna wanaounguza fyuzi ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine, na tundu lao haliamki tena.

Kama USB ipo, ingia kwenye BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows, utafute mstari wa USB Legacy, uuwashe. Bila huo, kibodi ya USB kwenye mashine za zamani huanza kusikika Windows ikishafunguka tu; kabla ya hapo huwezi kubonyeza F1 wala kurudi BIOS, na programu ya DOS haitaiona kabisa.

Sokoni utauziwa pia kiplagi kidogo cha kugeuza USB iwe PS/2. Ndani yake hakuna akili yoyote, ni nyaya tu. Kinafaa kwa kibodi iliyotengenezwa kujua lugha zote mbili, na nyingi za sasa zinajua moja. Omba kujaribu dukani, kwenye mashine yenye PS/2, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kisanduku cha KVM

Herufi hizi tatu zimekubali Kiswahili bila kulazimishwa: kibodi, video, mausi. Ni kisanduku kinachopokea kibodi moja, kipanya kimoja na skrini moja, halafu nyaya zinatoka kwenda kwenye mashine mbili au nne. Unabonyeza kitufe, vyote vitatu vinahamia upande wa pili. Vingi vinahamishwa pia kutoka kwenye kibodi yenyewe, kwa kugonga Scroll Lock mara mbili, kwa hiyo usinunue kibodi fupi isiyo na Scroll Lock halafu ukalalamika.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakiulizi ndani ya mashine kuna nini. XP, Linux, DOS, skrini nyeusi ya BIOS, kwake ni sawa. Huweki programu, huhitaji mtandao. Kwa mzee kwa umri, hakuna njia inayokifikia.

Taabu iko kwenye ile V ya katikati. Mzee anatoa picha kwa VGA, laptop inatoa kwa HDMI, na visanduku vinavyopokea vyote viwili ni adimu na ghali. Mimi ningechukua kisanduku cha VGA, mradi skrini ina tundu la VGA, halafu laptop niishushe kwa kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Hicho ni kidogo, cha bei nafuu, na kwa kawaida kinajilisha umeme kutoka kwenye tundu lenyewe la laptop. Kwenda kinyume, VGA iwe HDMI, kwa kawaida kunadai kigeuzi chenye waya wake wa umeme, na meza inazidi kuwa kiota. Picha ya 1920 kwa 1080 inapita vizuri kwenye VGA kama waya ni mfupi na mnene. Ukiwa mrefu na mwembamba, kila herufi inapata kivuli, na jioni macho yanadai.

Uliza pia swali moja ambalo wauzaji wengi hawalipendi: ukihamia upande wa pili, mashine iliyoachwa inaendelea kuona kibodi? Vya bei ya chini kabisa kazi yao ni kuchomoa na kuchomeka tu. Kwa USB si tatizo kubwa, mashine inalia mlio mdogo, unangoja sekunde mbili tatu. Kwa PS/2 ni balaa, kwa sababu ile niliyoieleza. Kisanduku kizuri hujifanya kibodi mbele ya mashine uliyoiacha, ili isijue umeondoka. Kisipofanya hivyo, umeme ukirudi wakati kitufe kiko upande wa laptop, mzee ataamka, hataona kibodi, ataandika kwamba kibodi haipo, kisha atakuomba ubonyeze F1. Mtu aliyeandika ujumbe huo sijui alikuwa anawaza nini.

Na nyaya za VGA ni nzito. Kisanduku chepesi hakikai mezani, kinavutwa nyuma na kuning'inia. Changu nimekifunga kwa gundi ya karatasi chini ya ubao wa meza.

Swichi ya USB na kitufe cha skrini

Hii ndiyo ninayoitumia leo, na watu wanaipita bila kuitazama. Swichi ya USB ni KVM iliyoondolewa video: inahamisha vitu vya USB tu, yaani kibodi, kipanya, hata printa au fulashi. Ni ndogo, nyaya zake ni laini, bei yake iko chini.

Na picha je? Tazama nyuma ya skrini yako. Skrini nyingi za ofisini zina tundu la VGA na la HDMI pamoja. Mzee anaingia VGA, laptop inaingia HDMI, na kitufe cha skrini chenyewe kinachagua. Unabonyeza mara mbili badala ya mara moja: swichi, kisha skrini. Hakuna kigeuzi, hakuna kivuli cha herufi. Ukiwa na skrini mbili, hata hicho kitufe cha pili hukihitaji.

Kibodi isiyo na waya inafaa pia, kwa sababu kile kipokezi chake kidogo kinachomekwa kwenye swichi na kuhama nayo. Sharti ni moja, mzee awe na USB. Mwenye PS/2 peke yake arudi kwenye kisanduku.

Programu: mshale unaovuka mpaka

Hapa hununui kitu. Skrini mbili zinakaa bega kwa bega, kila moja na mashine yake. Unasukuma kipanya mpaka ukingo wa skrini ya kwanza, mshale unatokea kwenye ya pili, na kibodi inaufuata. Hakuna muhuri, hakuna foleni ya mpakani kama ya Kasumbalesa. Unakopi maandishi huku, unayabandika kule. Ukishazoea, kitufe cha KVM kinaonekana kama kazi ya shamba.

Jina la zamani katika jambo hili ni Synergy, iliyoanzishwa na Chris Schoeneman mwaka 2001, na ambayo sasa inauzwa. Kutoka kwenye msimbo wake yalizaliwa matawi ya bure: Barrier, ambayo imesimama, kisha Input Leap, na Deskflow ndilo jina la mradi wa wazi ambao Synergy yenyewe inajengwa juu yake. Zote zinaunganisha Windows, Linux na Mac. Microsoft nayo ina Mouse Without Borders, iliyotoka mwaka 2011 na kuingizwa ndani ya PowerToys mwaka 2023. Ni ya Windows tu, inafika mashine 4, na ndiyo nyepesi kuliko zote kuifunga: unanakili neno la siri kutoka mashine moja kwenda nyingine, basi. Wenye Mac mbili, au Mac na iPad, tangu mwaka 2022 wana Universal Control ndani ya mfumo wenyewe.

Swali ninaloulizwa kila wiki: inakula megabaiti? Haili. Mashine zinaongea zenyewe kwa zenyewe, intaneti haihusiki. Simu ikiwasha Wi-Fi yake na data ikiwa imezimwa, mara nyingi inatosha. Lakini Wi-Fi hukwama kidogo, na mshale unaokwama unaudhi kuliko mshale usiokuwepo. Mimi naweka waya wa mtandao moja kwa moja kati ya mashine mbili na kuzipa anwani kwa mkono, 192.168.10.1 na 192.168.10.2. Zamani ulihitaji waya wa kuvuka nyuzi. Siku hizi, upande mmoja ukiwa na kadi ya gigabiti, yenyewe inajirekebisha. Kisha ruhusu mlango wa 24800 kwenye kinga ya Windows, maana hapo ndipo Synergy na ndugu zake wanapopita, na ndipo wengi wanapokata tamaa bila kujua sababu.

Mzee anasemaje? Mzee kwa karatasi anafurahi sana. Mwenye Windows 10 ya biti 64 aweke Mouse Without Borders aache kusoma hapa. Mzee kwa umri anakataa: PowerToys haikubali biti 32 wala Windows iliyo chini ya 10, na matoleo mapya ya hayo mengine hayaikubali XP. Kuna wanaochimbua toleo la zamani la Synergy kwa ajili ya XP, na ili liongee na jipya inabidi wazime usimbaji. Maana yake kila herufi unayogonga, na neno lako la siri likiwemo, inapita wazi kwenye mtandao. Kwenye waya wa mashine mbili tu, nitakuelewa. Kwenye Wi-Fi ya watu, hapana.

Kuna mipaka mingine. Programu haipo mpaka mfumo uwe umefunguka, kwa hiyo mambo ya BIOS yasahau. Kwenye Linux yenye Wayland (njia mpya ya kuonyesha skrini), Barrier haivuki; yenye X11 (njia ya zamani), kama Linux Mint ya kawaida, haina neno. Na mshale unavuka hata usipotaka. Mteja aliwahi kupokea ujumbe wangu ulioishia na bei ya rimu mbili za karatasi, ambazo nilidhani naziandika kwenye fakture. Tangu hapo nimeweka sharti kwamba mshale uvuke tu nikiwa nimeshika Ctrl.

Faida moja ya programu ambayo KVM haina: inaazima kibodi ya laptop yenyewe. Kisanduku hakiwezi kuing'oa kibodi iliyo mwilini mwa laptop na kuipeleka nje. Programu inaweza.

Bluetooth, kwa kifupi

Kibodi kama Logitech K380 zinakumbuka vifaa vitatu na zina vitufe vitatu vya kuchagua. Nzuri kwa laptop, tableti na simu. Kwa mzee wa mezani ni taabu tupu: hana Bluetooth, ukimwekea kipokezi bado haisikiki kwenye BIOS, na kipanya kinahamishwa kwa kitufe chake, mbali na cha kibodi. Utahama na mkono mmoja na kuusahau mwingine.

Jambo la AZERTY

Sisi tunachapa AZERTY. Kibodi nyingi zinazoingia kupitia Dubai au Zambia ni QWERTY. Unapoweka kibodi moja kwa mashine mbili, amua kwanza ni ipi, kisha zipange mashine zote mbili kwa mpangilio uleule. Kisanduku na swichi havitafsiri chochote, vinapeleka namba ya kitufe, na kila mashine inaisoma kwa macho yake. Mzee akiwa amepangwa Ufaransa na laptop Ubelgiji, alama ya @ itakuwa AltGr na 0 huku, AltGr na 2 kule. Nimeona mtu akifungiwa nje ya akaunti yake kwa hilo tu, neno la siri likiwa sahihi kabisa kichwani mwake.

Kwenye programu ni mbaya kidogo zaidi, kwa sababu mashine ya kwanza inapeleka herufi na ya pili inatafuta kitufe cha kuitoa. Vitu vya AltGr ndivyo vya kwanza kupotea. Ukimaliza kufunga, andika @, #, é na ç kwenye mashine zote mbili kabla hujasema imekubali.

Kuran, yaani umeme, ikienda

Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikipiga, mzee anakufa papo hapo, laptop inaendelea. Kwa hiyo kwenye programu, kibodi na kipanya vishikwe na laptop, mzee awe mgeni. Visanduku na swichi vingi vya mashine mbili vinakula umeme wa USB kutoka mashine yoyote iliyo hai, hivyo havileti shida.

La kuangalia ni prizi, yaani soketi za umeme. Nyumba nyingi hapa hazina waya wa ardhi, na bati la mashine ya mezani isiyo na ardhi hutetemesha vidole. Ukiziunganisha mashine mbili kwa waya wa VGA au USB, chomeka zote kwenye ralonji moja (waya wa kurefusha umeme), na chomeka nyaya za kisanduku kila kitu kikiwa kimezimwa. Skrini ikionyesha mistari inayopanda polepole, anza kutafuta hapo kabla hujamlaumu muuzaji.

Mama wa vyuma

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza misumari na mabati karibu na soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi.

"Papa, suri moja haiwezi kutumika pa masini zote mbili?"

"Inaweza, Mama. Skrini uko nazo ngapi?"

"Moja tu, ya laptop. Ile ingine iliungua."

Hapo kisanduku na swichi vilitoka mezani vyote viwili, kwa sababu tundu la HDMI la laptop linatoa picha, halipokei. Programu ya kuvusha mshale nayo ilitoka: mshale ungevuka kwenda wapi? Na skrini mpya hakutaka kununua kwa ajili ya mashine ambayo anaifungua mara kumi kwa siku, kutoa fakture na kurudi.

Tulimwekea TightVNC, ambayo tawi lake la 2.8 bado linaikubali XP, na waya mmoja wa mtandao kati ya mashine mbili, mzee akiwa hana njia nyingine ya kutoka nje. Sasa mzee yuko chini ya meza bila skrini, bila kibodi, bila kipanya. Skrini yake inafunguka kama dirisha ndani ya laptop, na vidole vya Mama haviondoki mahali pamoja. Kabla ya kumfunika niliingia BIOS yake mara ya mwisho kwa kibodi ya kuazima: mstari wa Halt On nikauweka asisimame kwa kosa lolote, ili asidai F1 kwa kibodi asiyokuwa nayo, na mstari wa umeme kurudi nikauweka awake mwenyewe. Siku ya tatu Mama alinipigia kuniambia kwamba kuran imerudi, na kwamba kuna kitu kinanguruma chini ya meza.

"Ni yeye, Mama. Ngoja dakika mbili, halafu ufungue dirisha."